Jakuzi la Bwana Hashil: Kiganja cha Mwanamkasi

Sehemu ya Saba

Tulipoachana wiki iliyopita, mguu wa kulia wa bibi harusi ulikuwa umeshavuka ukingo wa jakuzi, na wa kushoto ungali umekanyaga sakafu iliyorowa. Hapo ndipo taa ya testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ilipowaka mkononi mwa fundi.

Anayeingia leo ukumbini kwetu na ajue haya machache. Fundi ni mwanamke, Tabia Mkadam, aliyefunzwa kazi ya umeme na marehemu baba yake. Nyumba ni ya Bwana Hashil, Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, na mwaka ni 1998. Jakuzi, yaani lile bafu kubwa la maji ya moto yanayotoa mapovu, limeletwa kutoka Dubai na kuwekwa uani. Harusi ya Asila, binti pekee wa nyumba hiyo, ni keshokutwa. Tabia kaitwa atengeneze taa za jakuzi zilizokufa, ili wasichana waoge humo baada ya singo, ile kazi ya kumsugua bibi harusi kwa manukato.

Kabla hajagusa kitu, alitia ncha ya testa kwenye mkono wa chuma wa kushikia. Chuma kilikuwa na umeme.

"Asila, usiguse maji," Tabia alisema.

Hakupiga kelele. Alimkamata msichana kiunoni akamvuta nyuma, wakaanguka wote wawili juu ya mkeka. Liwa, ule unga wa msandali aliosingwa nao msichana, ikampaka Tabia shingo nzima. Sinia la asumini likapinduka.

Bi Badriya, mama wa bibi harusi, alisimama. "Una wazimu wewe? Mwanangu anasingwa tangu asubuhi, unamgaragaza chini kama gunia?"

Tabia alikimbilia ukutani kwenye mainswichi, akaiteremsha. Feni zikasimama. Kaseti ya taarabu ikakatika katikati ya neno.

"Atakayetia mkono katika maji yale kabla sijasema, nitamkuta maiti," alisema aliporudi.

Sasa ziba pua, msomaji, maana tunaingia chini ya jakuzi.

Tabia alifungua skrubu za ubao wa ubavuni, akauweka kando. Harufu iliyotoka iliwarudisha wanawake hadi mlangoni. Chini ya lile bafu la fahari palikuwa na dimbwi la maji yaliyovuja, mazito kama uji, yaliyochanganyika na mafuta ya miezi, nywele na utando wa sabuni. Mende walitoka kwa makumi, wakapita juu ya viatu vyake. Panya alikuwa amekaukia juu ya kiungo cha waya, ngozi imebabuka, meno yangali yameng'ata mfuko wa nailoni.

Ndiyo, mfuko wa nailoni. Nyaya mbili za umeme zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuviringishwa mfuko wa dukani, kisha zikaachwa zilale juu ya dimbwi lile.

Tabia alifunika mdomo kwa mtandio. Panya na mende alikuwa amewazoea. Kilichompandisha nyongo kilikuwa nyuma yao.

Waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, ulikuwa umekatwa.

Haukuwa umeoza wala kuliwa na panya. Ulikatwa kwa koleo, mkato safi, ncha ikakunjwa na kufichwa nyuma ya pampu. Na pembeni, kwenye kisanduku kidogo, breka inayokata umeme ukianza kuvuja ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya kilichopita juu yake. Breka ilikuwapo, lakini umeme haukuwa unapita ndani yake hata kidogo.

"Ni nini hicho?" Asila aliuliza. Alikuwa amechutama nyuma yake, uso wote wa manjano kwa liwa.

"Hii kazi yake ni moja," Tabia alisema, akiionesha breka kwa bisibisi. "Umeme ukivuja hata kidogo kuingia kwenye maji, inakata, kabla hujawahi kusema 'ah'. Mtu kaiziba. Na huu waya wa kijani, umeme ukipotea njia, unauchukua kuupeleka ardhini. Mtu kaukata."

"Lakini baba anaoga humu. Mbona hajapatwa na kitu?"

"Huenda umeme haukuwa unavuja kila siku. Na mtu akiwa ndani ya maji mwili mzima, anaweza asihisi. Hatari ni pale anapoingia au kutoka, mguu mmoja majini na mmoja chini. Hapo yeye ndiye anakuwa waya."

Asila alitazama mguu wake wa kushoto.

"Maneno gani haya mbele ya bibi harusi?"

Bwana Hashil alikuwa amesimama kwenye ngazi. Mtu wa makamo, kanzu nyeupe pe, kikombe cha kahawa mkononi. Alizungumza polepole, kama mtu asiyewahi kukatizwa katika maisha yake.

"Bwana Hashil, nani aliyefunga umeme huu?"

"Fundi."

"Fundi gani anayekata waya wa ardhi?"

"Kile kidude kilikuwa kinakatakata. Wageni wangu wamo majini, mara taa zinazima, mara mapovu yanasimama. Aibu. Nkamwambia fundi atafute dawa, akaipata."

"Kilikuwa kinakata kwa sababu umeme ulikuwa unavuja. Kilikuwa kinakwambia ukweli."

"Basi wewe tafuta dawa yako. Wasichana wataingia baada ya sala ya alasiri."

"Dawa haipatikani alasiri." Tabia alijifuta mikono kwa kitambaa, akakiona kitambaa kimekuwa cheusi, akakitupa. "Jakuzi linataka laini yake peke yake kutoka mainswichi, waya mnene, usioungwa popote njiani. Hili lako limechomekwa pamoja na friji. Breka lazima iwe nzima na ipimwe. Fimbo ya shaba ipigwe chini mpaka ipite jiwe na kifusi, ifike kwenye unyevu. Vyuma vyote vya hapa viungwe pamoja, na mkono huu wa kushikia usisahauliwe. Na swichi ya kuzimia iwe mahali inapoonekana, lakini mtu aliyemo majini asiifikie. Siku tatu, nikipata vifaa."

"Harusi ni keshokutwa."

"Basi wataoga kwa kata na ndoo, kama bibi zao."

Bwana Hashil alitabasamu. Alishuka, akamsogelea, akapunguza sauti. "Nnajenga hoteli Kiwengwa. Vyumba arubaini. Sijampa mtu kazi ya umeme. Wewe tengeneza taa, washa, nenda zako. Mwezi ujao hoteli yote ni yako. Hapana mwanamke Unguja nzima aliyewahi kupewa kazi kama hiyo."

Alikuwa karibu mno. Tabia alisikia udi katika kanzu yake, na chini ya udi, harufu ya lile dimbwi.

"Binti yako alikuwa anatia mguu mle ndani," alisema. "Nisingemvuta, angekufa. Na unaniambia niwashe?"

"Nnakwambia utengeneze kwanza."

Hapo ndipo sauti ya tatu iliposikika.

"Mwambie na habari ya Mwanamkasi."

Aliyesema alikuwa Bi Nada, somo wa bibi harusi, mwanamke wa miaka sabini aliyekaa kwenye mkeka na bakuli la liwa mapajani. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno isipokuwa la kumfunza mwari wake.

Bwana Hashil aligeuka. "Bi Nada, hayo si ya leo."

"Ni ya leo. Leo karibu yamchukue na huyu."

"Mwanamkasi ni nani?" Tabia aliuliza.

Asila ndiye aliyejibu. "Alikuwa msaidizi wetu. Kafa mwezi wa Shaabani. Alishikwa na kifafa akisugua jakuzi, akazama."

"Hakuwa na kifafa," Bi Nada alisema. Alilitua bakuli chini. "Mie ndiye niliyemwosha. Nilipomfumbua vidole nimwoshe kiganja cha mkono wa kulia, nilikuta alama nyeusi, imekwenda hivi, kutoka kidole cha mwisho mpaka kwenye dole gumba. Nyama imeiva. Ukiitazama, unaona kabisa kuwa kashika chuma."

Macho yote yalikwenda kwenye ule mkono wa jakuzi. Uling'ara. Mtu alikuwa ameusugua vizuri.

"Hukusema," Bi Badriya alinong'ona. Alikuwa ameshika ukuta.

"Mumeo alinisubiri mlango wa nje. Akanambia, Bi Nada, wewe unajua dini. Alilokuta mwosha kwa maiti hulisitiri. Nami nikalisitiri. Nimelala nalo kifuani miezi mitano, nnaamini nnamsitiri Mwanamkasi." Alimtazama Bwana Hashil moja kwa moja. "Kumbe nnakusitiri weye."

Kuna uchafu wa kuoshwa kwa maji na kuna uchafu usiotoka. Mtu huyu alichukua adabu wanayofanyiwa maiti akaifanya kitambaa cha kufutia mikono yake. Mimi ninayekusimulia nimeandika mengi katika safu hii, lakini hapa niliiweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji.

Bwana Hashil hakukana. Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho. Kisha akamtazama Tabia kama mtu anayemhurumia.

"Unauliza nani fundi. Nyumbani kwako hamzungumzi? Fundi ni Abrahman."

Abrahman alikuwa mume wa Tabia.

Walikuwa wameoana miaka minane. Abrahman alifunzwa kazi na baba yake Tabia, mzee Mkadam huyo huyo, meza moja na Tabia, bisibisi wakigawana. Mwezi wa Shaabani alimwambia mkewe kwamba alikuwa Kiwengwa akitengeneza pampu za kisima.

"Muongo wewe," Tabia alisema.

"Yuko njiani. Nimemtuma mtu amwite tangu ulipozima umeme. Muulize mwenyewe."

Hazikupita dakika nyingi Abrahman akaingia uani na mfuko wake wa vifaa begani. Alimwona mkewe, akauona ubao umefunguliwa, akasimama pale pale.

"Waya wa ardhi umeukata wewe?" Tabia aliuliza.

"Tabia, twende nyumbani tukazungumze."

"Umeukata wewe?"

"Breka ilikuwa inakata kila siku, na fyuzi zinaungua. Nlimwambia Bwana Hashil kuwa hita imetoboka, ibadilishwe. Akasema mpaka ije kutoka Dubai ni mwezi, na wageni wake wanakuja Alhamisi. Akasema fanya iwake. Nkaifanya iwake."

"Na Mwanamkasi?"

Abrahman aliutua mfuko.

"Waliniita mimi kwanza," alisema hatimaye. "Kabla ya daktari. Mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania chuma, hawakuweza kumgusa. Nlizima, nkamwachanisha vidole, kimoja kimoja. Tukamtia majini ionekane kazama."

Asila aliziba masikio.

"Ukaondoka ukaiacha vile vile?" Tabia alisema.

"Nlitaka kutengeneza. Bwana Hashil akasema tukigusa kitu watu watajiuliza kwa nini. Akasema washa. Jioni yake kulikuwa na wageni."

"Ukawasha."

"Nkawasha."

Tabia alifika kwenye karo la kuoshea vyombo akatapika. Alitapika chai ya asubuhi, akatapika mate matupu, na alipoinua kichwa bado alikuwa anaona vidole vya Abrahman vikifumbua vidole vya Mwanamkasi. Vidole hivyo hivyo vilikuwa vinamkatia mkate kila asubuhi. Vilikuwa vinamsuka nywele alipovunjika mkono mwaka jana.

Abrahman alimletea maji kwenye kata.

"Usinisogelee," Tabia alisema. "Unanuka."

Abrahman aliiweka kata chini. Alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. Kisha akaubeba mfuko wake akatoka, wala hakuna aliyemzuia.

Tabia alinawa uso. Alikwenda kwenye mainswichi, akang'oa fyuzi kubwa ya nyumba, akaitia kwenye mkoba wake.

"Irudishe," Bwana Hashil alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Utaikuta kituo cha polisi. Pale chini pasiguswe kitu. Hata yule panya muacheni."

"Nani atakusikiliza wewe? Mke wa aliyefanya."

"Mie watanisikiliza." Asila alikuwa amesimama. Alivaa buibui juu ya kanga za singo, liwa ingali usoni, ikianza kupasuka pasuka kama udongo wa kiangazi. "Mie ndiye nliyempeleka Mwanamkasi akasugue siku ile, baba. Mie ndiye nliyemwambia afanye haraka."

"Asila, ukitoka mlango huo hapana harusi."

"Nshatoka," alisema, akamshika mkono Bi Nada kumwinua.

Bi Badriya hakuwafuata. Lakini mumewe alipotaka kuwazuia mlangoni, alisimama kati yake na mlango, mwanamke aliyekuwa hajawahi kumpinga, akasema kwa upole, "Wapishe, Hashil." Naye akawapisha.

Kituoni, afisa wa zamu aliandika kila kitu kwa mkono, kurasa sita. Alimsikiliza Bi Nada mpaka mwisho bila kumkatiza, akaipokea fyuzi, akaifunga kwenye bahasha. Kisha akatuma askari wawili Mkunazini kuilinda ile nyumba mpaka mtaalamu aje aione. Ilipotimia saa tisa, wanawake watatu walikuwa wamesimama kwenye ngazi za kituo, hawajui waende wapi.

"Kwa mama yake," Asila alisema. "Asisikie kwa watu."

Mama yake Mwanamkasi aliitwa Bi Mcha, na alikuwa akikaa Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, nyumba ya vyumba viwili. Walimkuta akichambua mchele barazani.

"Shikamoo, Bi Mcha," Tabia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Alimtazama Asila, uso wa manjano, buibui limevaliwa ovyo. "Bibi harusi anatembea na singo? Kuna nini?"

Bi Nada ndiye aliyeeleza. Alikaa karibu naye, goti kwa goti, akamweleza habari ya kile kiganja. Bi Mcha alisikiliza huku mkono ukiendelea kuchambua mchele, mawe huku, chuya huku. Kisha mkono ukasimama.

"Walinambia kifafa," alisema. "Nikajiuliza kakipata wapi mwanangu. Nikasema labda kwa upande wa baba yake. Nikamlaumu marehemu baba yake, kaburini."

Hakulia. Alitema mate pembeni mwa baraza, mate ya kinyaa, kama mtu aliyeuma kitu kilichooza.

"Bwana Hashil alikuja hapa," aliendelea. "Alikaa pale ulipokaa, Asila. Akanambia ananihurumia, nyumba haina anayeleta. Akasema nimpe mdogo wake, achukue nafasi ya dada. Nikamshukuru. Nilimbusu mkono mtu yule."

"Mdogo wake yupi?" Asila aliuliza. "Pale kwetu hakuja mtu."

"Si kwenu mjini. Sumaiya yuko Uroa, kwenye ile nyumba yenu ya pwani. Tangu Ramadhani."

Asila alimgeukia Tabia, na liwa yote ya uso wake haikuweza kuificha hofu yake.

"Uroa kuna jakuzi jengine," alisema. "Yaliletwa mawili. Fundi alikuwa mmoja."

Tabia alikuwa ameshasimama. Duka lenye simu lilikuwa mtaa wa pili. Alikimbia, kiatu kimoja kikatoka njiani, akakiacha. Asila alimfuata akitaja namba ya Uroa kwa sauti ili asiisahau.

Simu ililia mara nne. Mara tano. Mara saba.

"Naam?" Sauti ya msichana.

"Sumaiya?"

"Naam. Nani mwenzangu?"

"Mie Tabia, fundi wa umeme. Nisikilize, mwanangu. Uko wapi?"

"Hapa ukumbini, kwenye simu."

"Usiende kwenye jakuzi. Usilisugue, usiguse chuma chake, usikanyage maji. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi. Hata yule fundi kanambia hivyo hivyo. Kanambia nikae mbali kabisa."

Tabia aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili. "Fundi gani?"

"Abrahman. Kaja na gari ya kukodi, mbio mbio. Yuko chini ya jakuzi, kafungua ubavu wake. Kasema kuna waya aliukata, anataka kuurudisha."

Kuurudisha ili roho ya mtu iokoke, au kuurudisha ili polisi wasiukute umekatwa? Tabia hakujua, na miaka minane ya ndoa haikumsaidia kujua.

"Mwite aje kwenye simu."

"Kasema nisiende kule."

"Basi sikiliza. Mainswichi iko wapi?"

"Hii hapa, pembeni ya simu. Kaizima alipoingia. Kasema akimaliza ataniita, niiwashe ajaribu."

"Usiiwashe," Tabia alisema. "Akikuita, usiiwashe. Hata akikuita mara mia."

"Mbona nshaiwasha, Bi," Sumaiya alisema. "Hapa, simu ilipokuwa inalia. Nlisikia kama kaniita."

"Na sasa anasemaje?"

"Hasemi kitu. Nasikia mapovu ya maji tu."